Mabinti Kumi wa Mzee Mithika

Miraa ikipata bei, Laare nzima inanenepa, hata mbwa wa sokoni, na kodi ya nyumba inapanda kabla ya wiki kwisha. Miraa ikianguka, watu wanakonda, mbwa wanakonda, lakini kodi inabaki pale pale juu. Jambo hilo lilikuwa likiniudhi kuliko ukame, na nikiudhika huwa sinyamazi. Muulizeni yeyote.

Mimi ni Kaari, mama yake Nelius, fundi wa nguo. Nilikuwa nimepanga chumba cha kwanza katika ploti ya Mzee Mithika, ile yenye mabati ya kijani inayotazamana na soko. Vyumba kumi, vitano upande huu na vitano upande ule, katikati uwanja wa saruji na tangi la maji. Cherehani yangu ilikaa barazani, mimi na Nelius tukalala ndani nyuma ya pazia. Mtoto alikuwa kidato cha pili, shule ya kutwa, anakwenda kwa miguu. Wateja wangu walikuwa wazazi wanaokuja sokoni, wananiona nimekaa pale, wanakumbuka kwamba mtoto amepasua kaptura. Ukinitoa barazani pale umenitoa kazini, nyumbani na shuleni kwa siku moja. Kwetu sikuwa na pa kurudi. Kaka yangu alishapanda miraa mpaka mlangoni kwa marehemu mama.

Ploti ile ilijengwa wakati London bado inakula majani yetu. Miaka hiyo chumba cha Laare kilikuwa na bei ya chumba cha Meru mjini, na watu wakalipa elfu nne na mia tano wakishukuru. Wafungaji wa miraa, madereva wa pikapu, walimu, kina mama wa hoteli. Chumba kikiachwa asubuhi, jioni kuna mtu anapigilia misumari ya kutundika nguo zake.

Halafu mwaka wa 2014 Waingereza wakapiga miraa marufuku. Mogadishu iliendelea kununua, lakini Mogadishu peke yake haikuweza kumaliza mzigo wa milima yetu ya Nyambene. Pesa ikakauka, na majirani zangu wakaanza kutoka mmoja mmoja. Mwalimu Mwongera, mstaafu wa chumba cha tatu, alihamia kibanda cha mbao nyuma ya kichinjio, akawa anaishi na nzi. Felicitas wa chapati alihamisha sufuria zake hadi kwa dada yake, mbali na wateja. Thuranira, kijana wa bodaboda, alirudi kwa nyanya yake huko juu, akawa anamaliza petroli kabla hajapata abiria wa kwanza. Mwaka uliofuata ulinikuta peke yangu katika ploti ya watu kumi, kufuli tisa zikinitazama.

Mtu mwenye akili zake angeshusha kodi. Sivyo? Lakini wewe hujui wenye nyumba wa huku kwetu Igembe. Kushusha kodi ni kutangaza sokoni kwamba miti yako imekushinda, kwamba umekwisha, kwamba kesho utaomba chumvi kwa jirani. Hakuna aliyekubali kuwa wa kwanza. Mzee Kithinji, mwenye ghorofa ya stendi, alikuwa ameandika ukutani NYUMBA ZIPO kwa herufi kubwa, jua likayapausha maandishi hayo na nyumba bado zipo. Walikuwa radhi panya wazae ndani kuliko binadamu alale kwa elfu tatu.

Na Mzee Mithika wangu aliwashinda wote. Alipoona vyumba tisa havileti kitu, akaniongezea mimi. Elfu tano kuanzia mwezi ujao. Yaani mpangaji aliyebaki, asiye na deni hata la shilingi, ndiye awalipie waliotoroka! Nilicheka kwanza. Kisha nikaingia ndani nikalia, kwa sababu hata ile ya zamani ilikuwa imeanza kunitoa jasho.

Alikuja mwenyewe siku ya soko kunikumbusha, koti lake mkononi.

"Mama Nelius, hebu nishonee hii mfuko, imetoboka," akasema, akaketi kwa benchi. "Na ile maneno ya elfu tano ulisikia?"

"Nilisikia, Mzee. Sina."

"Kama hauna, basi mwisho wa mwezi utoe vitu pole pole. Sitaki vita na mama wa watu."

"Mzee, ona hizi milango. Tisa zimefungwa. Si ushushe kidogo, watu warudi?"

Alinitazama kana kwamba nimemtukania mama yake.

"Nishushe? Mimi, Mithika? Ndio watu waseme sina kitu? Nyumba yangu haijawahi kushuka, na haitashuka nikiwa hai."

Nikainama kwenye koti lake kwa hasira, sindano ikanichoma. Yeye, akidhani tumemaliza, akaanza kupiga gumzo. Alikuwa ametoka kumwoza binti yake wa mwisho, Karwirwa, kwa kijana wa Manyatta kule Embu, na habari hiyo ilikuwa haijampoa mdomoni.

"Hao watu wa Embu walikuja na heshima," akasema. "Wakaleta ncoolo nzuri. Mimi nikaanza na ng'ombe kumi na mbili. Ungewaona! Mmoja akashika kichwa. Tukaongea, tukaongea. Nikashuka tisa. Wakanibembeleza. Nikashuka sita. Mwisho tukakubaliana nne na mbuzi kadhaa, tukala, tukacheka."

"Ulishuka nane zote?" nikauliza.

"Nilishuka, ndiyo! Baba mwenye heshima lazima ashuke. Usiposhuka, watu watasema unauza mtoto."

Alisema hivyo amejaa fahari, kifua mbele. Mguu wangu ukasimama kwenye kanyagio. Nikamtazama mzee yule, mwenye kushusha ng'ombe wanane akaona ni sifa, na kushusha shilingi elfu mbili akaona ni kifo. Nikamshonea mfuko wake vizuri sana, mshono wa mara mbili, na sikumtoza.

Labda wewe si wa huku, kwa hivyo nieleze. Ncoolo ni fungu la miraa ya heshima, miti mirefu iliyochaguliwa, ikafungwa kwa kamba ya mgomba. Ukienda kuomba binti, hiyo ndiyo inatangulia. Baba akikataa kuigusa, mnaondoka. Akiifungua, amekubali kuongea nanyi. Na akichukua kijiti cha kwanza akatafuna mbele yenu, neno limekwisha, hakuna wa kulirudisha. Si mchezo. Kuna watu wametozwa zizi zima la mbuzi kwa kuifanyia mzaha.

Ndiyo maana nilipomwendea Mwalimu Mwongera kule nyuma ya kichinjio na kumwambia nataka tumpelekee Mithika ncoolo, alivua miwani.

"Unataka kumwoa nani, Kaari? Yule msichana ameshaolewa."

"Nataka tuombe vyumba."

Aliguna. Akasema ncoolo haipelekewi mawe na mabati. Akasema Mithika ataona tumemdhihaki mbele ya mke wake, atawaita wazee, na mimi nitatolewa siku hiyo hiyo badala ya mwisho wa mwezi. Yote yalikuwa kweli, na nilikuwa nimeyafikiria yote njiani.

"Mwalimu," nikamwambia, "mimi nikikaa kimya natoka. Nikiongea labda natoka. Sasa tofauti ni nini? Na wewe, utakufa hapa ukifukuza nzi kwa gazeti?"

Nzi mmoja alikuwa ametua kwenye chai yake wakati huo huo, na nadhani ndiye aliyenisaidia. Mwalimu akaitazama ile chai, akaimwaga nje, akavaa miwani.

"Mimi ndiye nitaongea," akasema. "Wewe hutafungua mdomo. Wanawake wa upande wa waoaji hawaongei pale. Umenisikia?"

Nikaapa. Wote wanaonijua watakwambia kiapo kile kilikuwa na thamani gani.

Thuranira alicheka mpaka akaegemea pikipiki. "Mathee, yaani tunaoa keja, nyumba za kupanga? Wacha! Hii nikikosa nitajichukia." Lakini ndiye aliyeleta miraa. Nyanya yake ana miti ya mbaine, ile mikongwe iliyopandwa na watu ambao hata majina yao yamesahaulika, na alipanda mwenyewe kuichuma, akachagua, akaifunga kwa majani ya mgomba ikabaki na ubichi wake. Felicitas akapika chapati zikajaa kiondo. Wengine waliokuwa wapangaji wa zamani walipopata habari walikuja pia, wengine kwa shida zao, wengine kwa kutaka tu kuona Mithika atafanya nini.

Tulikwenda Jumapili baada ya kanisa. Boma la Mzee Mithika liko mlimani, njia nyembamba katikati ya miraa yake. Mwalimu Mwongera alitangulia kwa suti yake ya kustaafu, ncoolo mkononi, sisi nyuma tumevaa za kanisani. Nilimwacha Nelius akifua sare yake ya shule, na nilipokuwa nikipanda mlima ule sikufikiria kitu kingine.

Tulimkuta Mithika uani kwenye kiti chake, na, kwa bahati mbaya nilivyodhani, ameketi na Mzee Kithinji wa ghorofa. Mke wa Mithika, Mama Cicily, alitoka jikoni akijifuta mikono kwa leso, akatuhesabu kwa macho.

"Muga, wenye boma," Mwalimu akasalimu, akaweka ncoolo juu ya meza ndogo mbele ya mzee.

Mithika aliliona lile fungu, uso ukabadilika. Akatafuta kati yetu kijana wa kuoa, akamwona Thuranira, hakupendezwa.

"Karibuni. Lakini mmechelewa. Binti yangu wa mwisho yuko Embu kwa mume wake."

"Hatujachelewa, Mzee," Mwalimu akasema, kwa ile sauti yake ya gwarideni. "Tulikuwa tunapita pale sokoni, tukaona mabinti kumi wamesimama pamoja, wamevaa mabati ya kijani. Tukauliza, hawa ni wa nani? Tukaambiwa ni wa Mithika. Mmoja ana mtu, lakini mtu huyo anafukuzwa. Tisa wamefungiwa ndani kwa kufuli, na umri unaenda. Tukasema hapana, mabinti wazuri kama hawa hawawezi kuzeekea nyumbani. Tumekuja kuwaomba."

Kisha Kithinji akaangua kicheko, akapigapiga goti, akasema, "Mithika! Wamekuja kuoa ploti!"

Kicheko kile kingetuua. Mithika alisimama, mishipa imemtoka shingoni.

"Mwalimu, umezeeka vibaya! Ncoolo unaletea mawe? Mnanicheza kwangu, mbele ya bibi yangu? Na wewe, Mama Nelius, najua hii ni akili yako. Kesho asubuhi nataka kile chumba!"

Nilimwona Felicitas akianza kukiinua kiondo chake, na nikajua tukigeuka hapo nimekwisha.

Ni Mama Cicily aliyeongea. Alimgeukia mumewe, hakupandisha sauti.

"Baba Riungu, kaa chini. Kuna mtu amekuomba ushushe kodi hapa?"

"Lakini wao..."

"Nimeuliza. Kuna mtu ametaja kodi?"

Mithika akatutazama mmoja mmoja. Kweli, hakuna aliyetaja.

"Wameomba binti," Mama Cicily akasema. "Wamekuja Jumapili, wamevaa vizuri, wameleta chapati. Wale wa Embu walileta nini zaidi ya hapo? Kama hutaki kuwapa, wakatae kama wageni wanavyokataliwa. Lakini usiwapigie kelele kama wezi wa kuku."

Mzee akaketi. Kwa muda alitazama miti yake, huko bondeni, si sisi. Kisha mkono wake, na nadhani ulikwenda wenyewe, kwa kuwa ni mkulima na mkulima hawezi kuacha, ukaishika ile ncoolo, ukaigeuza, ukapima unene wa miti.

"Hii ni mbaine ya wapi?" akauliza.

"Ya nyanya yangu, Mzee," Thuranira akasema, adabu imemshika ghafla. "Nimepanda mwenyewe."

"Imechumwa vizuri."

Akavuta kamba ya mgomba. Ikafunguka.

Nilitaka kupiga vigelegele. Mwalimu alinikanyaga mguu.

"Mabinti zangu," Mithika akaanza, na nikasikia sauti imebadilika, ile ile ya siku ya benchi, kifua mbele, "si wa bei ya barabarani. Kithinji, wewe ni jirani. Waambie hawa watu mabinti zangu ni wa namna gani."

Kithinji akajikuta ametumwa. Akafuta machozi ya kucheka, akakohoa, na kwa kuwa naye ni Mmeru aliyeketi mbele ya ncoolo iliyofunguliwa, akaifanya kazi ile kikamilifu. Akasema mabinti hawa wana saruji ya kweli, si ya kupakwa. Wana stima. Wana madirisha ya vioo na vyuma. Wanakaa karibu na soko, hawamchoshi mume kutembea. Hata mmoja hajawahi kusikika akivuja.

"Kwa hivyo," Mithika akasema, "kila mmoja, kwa mwezi, elfu saba."

Thuranira alishika kichwa, na mimi nikafurahi kuliko nilivyowahi kufurahi maishani. Unaelewa? Mzee alikuwa ameanza juu! Mtu anayeanza juu anatafuta mahali pa kushukia.

Mwalimu naye alikuwa mshenga kumbe, miaka yote ile tulidhani ni mwalimu wa hesabu tu. Alisifu kwanza. Akasema mabinti ni wazuri mpaka waoaji wanaogopa. Lakini, akasema, waoaji ni watu wa majani, na majani siku hizi Mzee mwenyewe anayajua. Na mabinti hawa, kwa uzuri wao wote, wanakunywa maji sana, na tangi la kwao tangu Februari halina kitu. Akasema elfu moja na mia tano.

"Hiyo ni mahari ya kuku!" Kithinji akapaza sauti, amesahau kabisa kwamba alikuwa akitucheka.

Wakaenda hivyo. Chai ikaja, chapati zikaliwa. Mithika akashuka elfu sita, akatoa hotuba juu ya mawe aliyoyabeba kutoka machimboni. Akashuka elfu tano, akatoa nyingine juu ya heshima ya baba. Kila aliposhuka alinyooka zaidi kitini, na kila aliponyooka Mama Cicily alimwongezea chai. Mwalimu akapanda mia mbili, mia mbili, kwa uchungu mkubwa, kama mtu anayeng'olewa meno. Jua lilipofika kwenye miti ya jirani, mzee alikuwa elfu tatu, sisi elfu mbili na mia tano, na hapo wakakwama. Hotuba zikaisha. Mithika akasema elfu tatu ni neno la mwisho, na nikaona kwamba anamaanisha. Felicitas akanitazama akitikisa kichwa kidogo. Kwa elfu tatu yeye harudi. Mwalimu, kwa pensheni yake, harudi. Mimi ningeiweza, lakini ningebaki peke yangu na zile kufuli, na siku moja angeniongezea tena.

Kiapo changu kikavunjika hapo.

"Mzee," nikasema, nimesimama tayari, "nani anafagia mbele ya ile milango tisa?"

"Kaari!" Mwalimu akanong'ona.

"Hapana, Mwalimu, niache. Mzee, nakuuliza. Majani yanaota kwa nyufa za saruji yako. Nani anang'oa? Mvua ikipiga, nani anaziba chini ya milango na magunia? Ni mimi. Hakuna aliyeniambia. Nafagia kwa sababu siwezi kuangalia nyumba nzuri ikigeuka pango, na nafagia nikikumbuka huyu alikuwa Felicitas, huyu alikuwa Mwalimu, hapa walikuwa wanacheka. Umewafungia mabinti wako ndani kwa sababu unaogopa Laare itasema nini. Laare inasema tayari, Mzee! Inasema Mithika ana nyumba kumi na hakuna moshi. Mimi nataka kukaa kwako. Sina kwingine. Lakini sitaki kukaa peke yangu nikiwalinda panya kwa elfu tano!"

Nilinyamaza kwa sababu pumzi iliisha. Kithinji alikuwa wa kwanza kupata sauti.

"Mwanamke wa waoaji ameongea! Hiyo ni faini! Mithika, watoze!"

"Ni faini, ndiyo," Mithika akasema taratibu. Alikuwa akinitazama, lakini si kwa ile hasira ya kwanza. "Unafagia kweli?"

"Anafagia," Mama Cicily akasema. "Mimi huona nikienda soko. Nilikuwa nangoja uone mwenyewe." Akaweka birika chini. "Baba Riungu, mwaka mzima huu tumekula mahari ya binti mmoja, yule wa chumba cha kwanza. Toa watoto."

Mzee akainamisha kichwa. Kisha akainua uso.

"Faini ya huyu mwanamke naitoza mimi, si Kithinji. Faini ni hii: hatatoka. Atakaa na yule binti mkubwa, chumba cha kwanza, na hawa wengine wote atawasimamia, na mtu asiyefagia mbele ya mlango wake aje kwangu kunieleza. Na kwa sababu ametunza mabinti zangu wakati mimi mwenyewe nimewafungia..." Akakohoa. "Elfu mbili na mia tano. Wote. Baba mwenye heshima lazima ashuke."

"Na kila Januari?" nikauliza. Nilishatozwa faini, nilikuwa sina cha kupoteza.

"Januari ni nini?"

"Mahari haipandishwi binti akishakwenda kwa mume."

Mama Cicily akaficha mdomo kwa leso. Mithika alifikiri sana juu ya jambo hilo, akaliona lina haki.

"Haitapanda," akasema, "mpaka mabinti wazae. Siku nitajenga vyumba vingine kutokana na hivi, hapo tutaongea tena kuhusu wajukuu."

Akachukua kijiti kirefu kuliko vyote, akamenya gome kwa meno, akatafuna. Mwalimu Mwongera akavua miwani akaifuta, na ilikuwa safi. Mimi nikapiga vigelegele vyangu vyote nilivyokuwa nimevizuia tangu asubuhi, Felicitas akapokea, na huko chini mlimani watu wakadhani Mithika ameoza binti mwingine. Hawakukosea.

Wiki ile ile kufuli zilifunguliwa. Mzee alikuja mwenyewe na funguo, akawakabidhi watu binti mmoja baada ya mwingine, akitaja sifa zake: huyu anapata jua la asubuhi, huyu ana kabati la ukutani, huyu ana kelele za soko lakini moyo safi. Felicitas akawasha jiko lake, na kesho yake madereva walikuwa wakila chapati uwanjani. Thuranira akalala hadi saa kumi na mbili kwa mara ya kwanza tangu ahame. Mwalimu alipanda waridi ndani ya debe, akaliweka mlangoni, akaja kuniuliza kama ni ruhusa. Nikamwambia ni ruhusa lakini afagie.

Nilikuwa na furaha ambayo hata sasa sioni haya kuisema. Nilimwita Nelius, nikamwonyesha zile nguo kumi za watu mbalimbali zikianikwa kwenye kamba moja, nikamwambia, "Mama yako ndiye amefanya hivi." Akasema, "Najua, mama, umeniambia jana pia." Nikamwambia tena siku iliyofuata.

Soko halikunyamaza. Watu walisema Mithika ameoza nyumba zake, na walisema kwa kumsifu, kwa kuwa moshi ulionekana kutoka vyumba kumi na kila mwezi mtu alimwona akipita benki ametulia. Kabla ya mwisho wa mwaka alikuwa amechimba msingi wa vyumba viwili nyuma ya tangi, na tangi lenyewe lilikuwa jipya, kubwa, na lina maji. Aliyeumia alikuwa Mzee Kithinji. Yeye ndiye aliyekuwa pale, yeye ndiye aliyeyasifu madirisha kwa kinywa chake mwenyewe, na ghorofa yake ilikuwa bado inalala giza.

Alikuja asubuhi moja soko halijaanza. Akazunguka barazani, akagusa kitambaa, akauliza bei ya suruali ambayo hakuihitaji. Nikaendelea kushona.

"Mama Nelius," mwishowe akasema, chini chini, "wale watu wako... hakuna wengine? Wanaotafuta mabinti?"

"Una wangapi, Mzee?"

"Kumi na sita. Warefu, ghorofa tatu. Wanaona mpaka mjini Maua."

"Na unawaanzia ngapi?"

Akaangalia huku na huku. "Nilikuwa nafikiri elfu nane. Ya kuanzia tu, unaelewa. Baba mwenye heshima lazima..."

"Naelewa," nikasema. Nikakata uzi kwa meno, nikakunja sare niliyokuwa nikishona, nikavuta kiti cha pili. "Keti, Mzee Kithinji. Kwanza tuongee juu ya maji."